Jiwe la Waridi na Bwana Mtaalamu

Katika karakana ile ya mawe, nyuma ya maghala ya Bugolobi, kulikuwa na watu wawili waliojua kutofautisha jiwe na jiwe. Mmoja alikuwa Mhindi, naye alifukuzwa nchini. Wa pili alikuwa Pélagie Mbambu, naye alipewa ufagio. Mwenye kutaka kujua akili za miaka ile aanzie hapo.

Pélagie alikuwa mwanamke wa Kongo, mtu wa milima ya upande wa Butembo, mwenye mabega mapana na sauti nzito. Alivuka mpaka mwaka wa sitini na nne, wakati wa vita vya waasi, akiwa na binti yake Rosalba mgongoni, na mbele yake mumewe, Augustin Mushagalusa, aliyebeba begi la vitabu. Godoro, sufuria na mtoto vilikuwa juu ya mke. Augustin alisema vitabu ni vizito sana. Hakuna aliyewahi kumwona akivifungua, lakini njia nzima wakimbizi wenzao walimpisha kwenye madaraja wakidhani ni mwalimu, naye hakuona sababu ya kuwasahihisha.

Walipofika Kampala walipanga chumba Nateete, na wote wawili wakapata kazi kwa Bwana Jivraj, Mhindi aliyekata na kung'arisha mawe ya pete, ya vidani na ya vibao vya mezani. Augustin aliwekwa kwenye meza ya karani. Pélagie aliwekwa kwenye karai, kuosha tope la mawe. Hakujua kusoma hata herufi moja. Baba yake aliona shule ni ya wavulana, na wavulana wenyewe walikuwa wakienda kucheza mtoni.

Bwana Jivraj hakuwa mtakatifu. Alikuwa bahili, alifoka kwa jambo dogo, na chai yake aliinywa peke yake. Lakini alikuwa na macho. Mwaka wa pili aligundua kwamba yule mama wa karai alikuwa akiyatenga mawe kabla hajaambiwa: haya huku, yale kule, na hakosei. Akamwita.

"Wewe mama, haya mekundu mawili umeyatenga kwa nini? Si rangi moja?"

"Rangi moja, Bwana. Lakini hili linakwaruzika kwa kisu, na hili linakikwaruza kisu."

"Nani alikufundisha?"

"Si ninayaosha?"

Siku ileile Jivraj alimtoa kwenye karai akamkalisha kwenye gurudumu la kung'arishia, kwenye kigoda cha mbao, mbele ya dirisha. Alikaa pale miaka sita. Alijifunza kuligusisha jiwe kwenye mdomo wa juu ili aone linakawia kiasi gani kupata joto, kulisugua nyuma ya kigae kisichopakwa rangi ili aone unga wake, kulipima kwa kiganja kama mtu anayepima nyanya sokoni. Na Jivraj, ambaye hakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye mambo ya mawe, alimfundisha kabati.

Kabati lile lilikuwa na droo arobaini, na halikupangwa kwa rangi. Jivraj alisema rangi ni nguo tu, na mtu hapangwi kwa nguo. Yeye alitaka mifupa. Droo za chini zilikuwa za mawe ya ukoo wa chokaa, yanayotoa povu yakidondoshewa asidi. Droo za juu zilikuwa za mawe yaliyozaliwa na kitu kilekile kilichozaa mchanga, na hayo yaligawanywa kwa namna mchanga ule ulivyoshikana ndani yake. Kuna ambayo punje zake zinakaa mojamoja, kila moja kivyake. Kuna zinazokaa mbilimbili, kuna zilizojifunga duara, kuna zilizotandazwa kama kurasa, ndiyo maana ulanga, lile jiwe la magamba yanayong'aa, unabanduka kwa ukucha. Na kuna za minyororo.

"Tazama," alisema siku moja, akamwaga shanga mezani. "Huu mnyororo mmoja, kila baada ya shanga mbili mpangilio unarudi uleule. Huu mwingine, unarudi baada ya tano. Kwa macho yote ni minyororo. Lakini wa tano umejipinda, haukai sawa. Jiwe lako la waridi ni hili la tano."

Jiwe la waridi ndilo ambalo kitabuni linaitwa rodonaiti. Jivraj alisema ni neno la Wagiriki, maana yake ni hilohilo waridi. Wekundu wake unatoka kwenye madini ya manganizi, na manganizi hiyohiyo, jiwe likikaa kwenye mvua na hewa miaka mingi, hulivika ngozi nyeusi na kulichora mishipa myeusi kama ya mkono wa mzee. Unga wake ni mweupe. Ni zito kuliko ukubwa wake. Huchanika kwa njia mbili zinazokutana karibu na kona ya mraba, karibu tu, si mraba kamili. Na lina jirani yake anayefanana nalo kama pacha, mwenye manganizi vilevile na waridi ileile, lakini huyo ni wa ukoo wa chokaa: laini, kisu kinamchimba, na hupasuka kwa njia tatu, zote za mshazari. Kuna jiwe jingine tena lenye manganizi, la rangi ya chungwa, ambalo punje zake za mchanga zinakaa mojamoja. Watatu hao walikula chungu kimoja lakini kila mmoja alilala droo yake.

Yote haya Pélagie aliyaweka kichwani. Jioni alimwambia mumewe, "Hili ni la minyororo, andika hivyo," na Augustin akaandika kadi kwa mwandiko wake mzuri wenye mikia. Aliandika kadi mia tatu kwa njia hiyo. Hakuuliza mnyororo ni nini.

Mwaka wa sabini na mbili Wahindi walipewa siku tisini za kuondoka nchini. Jivraj aliondoka na sanduku moja, akifoka hadi mlangoni. Baada ya wiki chache wanajeshi walikuja kugawa mali, na karakana ikaangukia kwa Sajini Saverio, mtu mnene mwenye kicheko kikubwa, ambaye ujuzi wake wa mawe ulikuwa ule wa kuyarusha. Alifungua kabati, akaona kadi.

"Nani aliandika hizi?"

"Mimi, Afande," alisema Augustin.

Hakusema uongo. Ndiyo ubaya wake. Pélagie alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale, mikono imejaa tope la gurudumu, akangoja mumewe aongeze neno la pili. Neno la pili halikuja. Lilikuja la Sajini: "Basi wewe ndiye mtaalamu wangu." Na kwa kuwa mtaalamu hawezi kuwa na mke anayekaa kwenye gurudumu kana kwamba naye anajua kitu, gurudumu alipewa binamu ya Sajini, na Pélagie akapewa ufagio. Kabla mwezi haujaisha mtaalamu alikuwa amehamia kwenye fleti za Bugolobi na msichana aitwaye Julienne, mwenye umri wa kumzidi Rosalba kwa miaka kumi tu. Aliondoka Nateete na lile begi la vitabu. Safari hii alilibeba mwenyewe.

Kazi ya kwanza ya Bwana Mtaalamu ilikuwa kulipanga kabati upya. Alilipanga kwa rangi. Nyeupe juu, kisha njano, kisha waridi, kisha nyekundu, mpaka nyeusi chini kabisa. Sajini Saverio alipiga makofi. Liking'aa jua la asubuhi, kabati lilikuwa kama duka la vitenge, na lilikuwa na akili kiasi hichohicho. Pélagie alifagia chini yake kila siku kwa miaka mitatu, na kila siku alitamani kitu kimoja tu. Hakumtamani Augustin, mume wa namna ile hata ukimwokota njiani hakuna wa kumdai. Alitaka kigoda chake na gurudumu lake. Binamu ya Sajini alikuwa ametoroka zamani, gurudumu limefunikwa gunia, na lilikuwa likishika kutu mbele ya macho yake. Aliomba mara mbili. Mara ya kwanza Sajini alicheka. Mara ya pili alimwuliza Mtaalamu, na Mtaalamu akasema, "Mama huyu hakusoma, Afande."

Basi mwaka wa sabini na tano, mwezi wa Juni, Kapteni Dawudi, mkubwa wa Sajini, alileta jiwe karakanani. Lililetwa na lori la jeshi, na askari wanne walilishusha kwa kamba. Lilikuwa na ukubwa wa mbuzi aliyelala, jeusi nje kama chungu cha kupikia, na mahali lilipogongwa lilionyesha waridi iliyoiva, na mishipa myeupe myembamba ikipita katikati. Kapteni alitaka lipasuliwe vipande viwili, litolewe kibao kimoja kikubwa kisicho na ufa, kiandikwe jina la kikosi chake kwa ajili ya sherehe. Alikuwa mtu mwembamba, mpole wa sauti. Kule mjini watu waliposikia sauti ile walitafuta njia nyingine ya kupita.

"Ni jiwe gani?" aliuliza.

Augustin alitoa chupa ya kahawia, akadondosha tone la asidi. Tone liliangukia juu ya mshipa mweupe, na palepale likachemka, povu likasimama.

"Ni lile laini, Afande. La ukoo wa chokaa. Tutalipasua kwa patasi, mshazari, kama wanavyofanya wataalamu wa Ulaya."

"Litavunjika?"

"Haliwezi, Afande."

"Vizuri," alisema Kapteni. "Jumamosi saa nne asubuhi nitakuja kutazama mwenyewe. Likivunjika, nitakuwa na maswali."

Pélagie alikuwa akifagia karibu na mlango. Aliona tone lilipoangukia. Aliona pia lilivyochemka, kwa haraka, kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Lile jiwe laini la waridi haliruki hivyo. Ukilidondoshea asidi baridi linasitasita, mpaka upashe moto kidogo. Kinachoruka palepale ni chokaa nyeupe. Mwanamume alikuwa ameuliza jiwe jina lake, na akajibiwa na mpangaji.

Siku ya Ijumaa mchana, wengine wakiwa wamekwenda kula, Augustin alimfuata pale nyuma ya karakana. Alikuwa amevaa shati jeupe, kalamu tatu mfukoni, na mkononi ameshika kifurushi cha sukari. Sukari wakati ule ilikuwa haionekani dukani.

"Mama Rosalba," alisema. Miaka mitatu hakuwa amemwita hivyo.

"Bwana Mtaalamu."

"Nimekuletea sukari kidogo. Nilikuwa nafikiri... wewe hebu liguse tu lile jiwe. Kwa mkono. Unajua mkono wako."

"Mkono wangu haukusoma."

"Usianze."

"Sijaanza. Nimemaliza zamani. Unataka kujua nini? Si umeshasema ni laini?"

"Nina hakika. Ila nimelibonyeza kwa kucha, halibonyei."

Pélagie alicheka mpaka akaegemea ufagio. "Kwa kucha! Kapteni anajua kwamba mtaalamu wake anapima mawe kwa kucha kama mtu anayenunua parachichi?"

"Pélagie, nakuomba."

"Sawa. Twende kwa Sajini sasa hivi. Umwambie kadi ni mwandiko wako na maneno ni yangu. Umwambie anirudishie gurudumu. Nikikaa tu kwenye kigoda changu nitakwambia jiwe ni gani, na litapasukaje, na sukari yako mpelekee Julienne."

Augustin alitazama huku na huku. "Unataka waniue? Nikisema leo kwamba miaka mitatu nimewadanganya?"

"Mbona hukudanganya? Ulisema umeandika, na kweli uliandika."

"Mwanamke huna huruma."

"Basi kapasue."

Akaondoka na sukari yake. Hata ile hakuiacha.

Acayo alikuwa amesikia yote akiwa karaini. Huyu alikuwa mwanamke wa Kiacholi, mrefu, msemaji wa maneno machache, aliyechukua nafasi ya Pélagie kwenye tope la mawe. Mumewe Obwona alikuwa koplo. Mwaka wa sabini na mbili aliitwa kambini asubuhi moja kwenda kutia sahihi karatasi fulani, na tangu siku hiyo Acayo hakuwa mke wala mjane.

"Litavunjika?" aliuliza Acayo.

"Akiweka patasi mshazari litavunjika kama tofali. Lina njia zake mbili za kuchanika. Akizikata kwa pembeni zote mbili zitafunguka kwa pamoja."

"Na wewe unajua."

"Najua."

"Na watamchukua."

"Wamchukue! Nitapika pilau."

Acayo aliendelea kuosha. Baada ya muda akasema, "Mimi Obwona alinipiga, dada. Alikuwa na mwanamke Kyebando, na mshahara ulikwenda huko. Nilikuwa nikimwombea mabaya kila asubuhi. Sasa kila gari likisimama nje nakimbilia dirishani. Hata kumtukana siwezi tena, sijui nimtukanie wapi."

"Wako ni wako. Wangu ni wangu."

"Sijasema kitu," alisema Acayo.

Jumamosi saa nne Kapteni Dawudi alifika kwa wakati, jambo ambalo lilimtisha kila mtu kuliko kama angechelewa. Sajini Saverio alikuwa amepaka viatu rangi. Jiwe lilikuwa limewekwa juu ya magogo mawili katikati ya karakana, jua la mlangoni likiliangukia, na Augustin amesimama karibu nalo na patasi na nyundo, shati lake limelowa mgongoni. Pélagie alikuwa ameambiwa asimame ukutani na ufagio wake asionekane.

Kutoka pale ukutani aliliona jiwe vizuri kuliko wakati wowote. Askari walikuwa wamelibandua ngozi nyeusi upande mmoja. Waridi ilikuwa imetulia, nzito, bila mawingu, kipande ambacho Jivraj mwenyewe angefunga mlango akakaa nacho siku nzima bila kula. Jua lilipokuwa likigonga sehemu ile iliyomenyeka lilimetameta juu ya nyuso mbili bapa, moja ya kulala na moja ya kusimama. Hizo ndizo zile njia mbili za kuchanika. Hazikuwa za mshazari hata kidogo. Na patasi ya yule mpumbavu ilikuwa imewekwa katikati yake.

Alikuwa amekusudia kunyamaza. Usiku mzima alikuwa amekusudia. Lakini alikuwa hajafikiria kwamba atalitazama jiwe. Augustin aliinua nyundo.

"Ngoja," alisema Pélagie.

Sauti yake nzito ilijaa karakana. Nyundo ilibaki hewani.

"Nani amesema?" aliuliza Kapteni bila kugeuka.

"Ni mama wa kufagia, Afande, samahani," alisema Sajini. "Wewe mama! Toka nje!"

"Wa kufagia anasema ngoja," alisema Kapteni polepole, "na mkono wa mtaalamu unangoja. Mbona umengoja, Mtaalamu?"

Augustin aliishusha nyundo.

"Njoo hapa, mama. Ngoja ya nini?"

Pélagie aliuegemeza ufagio ukutani. "Hilo si jiwe laini, Afande. Ni gumu. Ni la minyororo. Akiligonga hapo utapata kokoto."

"Lilitoa povu. Niliona kwa macho yangu."

"Uliona povu la chokaa nyeupe iliyopita kwenye ufa. Mwambie atie tone kwenye waridi penyewe."

Kapteni aliinua kidevu. Augustin alitia tone, na jingine likamwagika pembeni. Asidi ilikaa juu ya waridi kama umande juu ya jani. Walitazama. Haikufanya kitu.

"Kisu chako, Afande," alisema Pélagie, na Sajini Saverio akamkodolea macho, maana hakuna aliyekuwa amewahi kumwomba Kapteni kisu. Kapteni alikichomoa mkandani akampa. Pélagie alikaza mkono, akaburuta ncha juu ya waridi. Mstari wa kijivu ulibaki.

"Alama hiyo!" alipaza sauti Augustin. "Limekwaruzika, Afande! Mmeona wote, ni laini!"

Kapteni alimtazama Pélagie kwa upole wake ule. Pélagie alilamba kidole gumba, akasugua mstari. Mstari uliondoka wote. Waridi ilikuwa nzima, bila hata unywele wa mkwaruzo. Akageuza kisu, akaonyesha ncha.

"Kilichokwaruzika ni kisu, Afande. Kimeacha chuma chake juu ya jiwe. Nisamehe, kitahitaji kunolewa."

Kisha alikwenda kabatini, akafungua ile droo ya waridi, akachukua kipande alichokijua hata bila kutazama, akakiburutia kisu kilekile. Unga ulimwagika kama wa muhogo. "Hili ndilo laini. Ni nguo moja, mifupa tofauti."

Kapteni aliyashika yote mawili mkononi. "Na yote mawili yamekaa droo moja. Nani aliyachanganya?"

Hapo kila mtu alielewa swali lilikuwa linakwenda wapi. Sajini Saverio alirudi nyuma nusu hatua ili kusiwe na mashaka kwamba si yeye. Augustin alimtazama mkewe wa zamani, na uso wake ulikuwa umekuwa wa rangi ya tope la karai. Neno moja tu lilitosha. Lilikuwa neno la kweli, fupi, na Pélagie alikuwa ameliweka tayari miaka mitatu. Mlangoni Acayo alikuwa amesimama na ndoo, hamtazami Pélagie, anatazama lile gari la jeshi nje.

"Kabati lilipangwa kwa rangi ili lipendeze, Afande," alisema Pélagie. "Wageni wanapenda. Huyu ni mtu wa kuandika. Anaandika vizuri sana, ana mikia kwenye herufi. Mawe ni kazi yangu. Nilikuwa kwenye gurudumu miaka sita kabla sijapewa ufagio."

Kapteni aliwaza kidogo. Halafu akacheka, cheko dogo, na Sajini akacheka kubwa, na askari wakacheka kwa kuwa Sajini amecheka. "Mtu wa kuandika!" alisema Kapteni. "Umekaa na mtu wa kuandika, Saverio, na anayejua unamfagilisha. Nawe ni mtu wa namna gani?"

"Nilikuwa sijui, Afande."

"Mama, utanipasulia?"

"Kwa msumeno wa almasi, Afande, taratibu, kufuata njia ya kulala. Si leo. Na kabla ya hapo naomba gurudumu langu."

"Chukua, chukua!" alisema Sajini Saverio, kana kwamba ni yeye aliyekuwa akimbembeleza miaka yote. "Kwani nani alikukatalia?"

Swali hilo lilikuwa na majibu mengi.

Kapteni alipoondoka, Pélagie alilivua gurudumu gunia lake. Lilikuwa na kutu ukingoni na buibui kwenye mkanda, lakini mhimili ulikuwa mzima. Alichukua kitambaa na mafuta, akakaa kwenye kigoda chake mbele ya dirisha na kuanza kulisafisha, hamwangalii mtu. Augustin alikuja akasimama pembeni yake. Alikuwa ameshavuta shati likae vizuri, na kalamu zake tatu zilikuwa mahali pake.

"Mama Rosalba," alisema kwa sauti ya chini. "Nimeona ulichofanya. Najua ni kwa sababu bado una moyo juu yangu. Julienne ni mtoto tu, wajua. Watu wawili waliotoka mbali kama sisi..."

"Augustin."

"Ndiyo."

"Ulidhani nilikuwa nakutazama wewe?" Aliendelea kupaka mafuta. "Nililiponya jiwe. Wewe ulikuwa umesimama karibu nalo."

Augustin alizigusa kalamu zake tatu, moja baada ya nyingine.

"Kesho utaanza kulirudisha kabati," alisema Pélagie. "Nitakwambia, utaandika. Droo kwa droo. Na ukifika kwenye la waridi utaandika minyororo, na safari hii utauliza mnyororo ni nini, nami nitakufundisha, hata ikichukua mwaka, maana kichwa chako si chepesi."

"Sawa."

"Gurudumu halizunguki kavu. Ndoo iko pale."

Mabomba ya karakana yalikuwa makavu tangu Pasaka. Maji yalikuwa yakichotwa kwenye bomba la fletini, na wakati wa mchana kulikuwa na foleni ndefu ya wanawake na madumu yao, akiwemo Julienne. Augustin aliiangalia ndoo, akaangalia shati lake jeupe. Kisha akaishika na kutoka, na kutoka dirishani Pélagie alimwona akiingia mwisho wa foleni, nyuma ya mama mmoja aliyegeuka kumtazama toka juu hadi chini, akamwuliza kitu, na wanawake wote wa foleni wakaanza kucheka.